Maharagi Yaliyobaki Motoni

Siku ile tulipokaa Majengo juu ya mawe ya volkano, walikuwapo watu hawa. Mimi Nsimire, mujane, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pale Kituku. Mama Asteria, aliyenifundisha kazi. Yeye alizaliwa Rutshuru, mimi natoka upande wa Bukavu, na tulijuana kwa kukaa benchi moja kanisani. Vumilia, mujane wa Habimana. Papa Bizimana, kaka mukubwa wa Habimana, ni kusema shemeji wa Vumilia. Mama Uwimana, muke wa Papa Bizimana, ambaye alikuwa muteja wangu wa sambaza, na hiyo ndiyo ilifungua mulango, mutaona. Neema na Baraka, watoto wa Vumilia. Na chini yetu, chini ya mawe, Mama Nyirabagenzi, aliyezaa Bizimana na Habimana. Yeye pia namuhesabu. Bila yeye hatungekaa pale.

Vijana wa nyumba yetu ya kusikilizia wenye huzuni, ni ninyi mulinilazimisha kuandika. Siku ya kuniaga mulinipa kitenge na kiti cha plastiki, mukaniita Koko, nyanya yenu, mukasema, utuachie maneno. Nilisoma mpaka ya tatu ya shule ya primeri, basi musitafute kama kila alama iko mahali pake. Mambo ya nani alipanda cheo na nani alilipwa nini siandiki. Wenye kupanda wanakumbuka wenyewe, hawahitaji Koko.

Mbele ya kazi hii niliuzaga samaki. Bwana yangu Cirhuza alikufa mapema, akaniachia watoto na beseni. Asubuhi nilishuka Kituku kungojea mitumbwi, nikapima sambaza kwa kikombe, nikajifunza watu bila kujua kama najifunza. Muteja wa kweli anauliza bei, anasema umezidisha, anaenda, anarudi. Lakini mutu mwenye shida anashika sambaza, anazigeuza-geuza, haulizi kitu. Huyo nilimuachia nafasi pembeni ya beseni. Wengine walikaa mpaka samaki zikaisha. Sikuwa na neno la kuwapa, niliwapa kivuli cha muavuli tu.

Kisha rebelioni ya kwanza ikaingia, na watu wakaja Goma kutoka Masisi na Rutshuru, wengine na godoro kichwani, wengine na mutoto asiye wao. Padri Inosenti wa parokia yetu akatangaza kama anatafuta wamama wenye masikio. Alisema hivyo, wenye masikio, hakusema wenye diploma. Watu walicheka. Mama Asteria hakucheka, alinisukuma na kiwiko.

Yeye alikuwa na diploma. Alisoma kazi ya kusaidia jamii, alisoma kweli, na hiyo elimu yake ilikaa ndani yake kama chumvi kwenye mboga ya sombe. Huioni, lakini ikikosa unajua. Alikuwa mutu mwembamba, mwenye kikohozi, na alivaa sweta ya bwana yake hata jua likiwaka.

Siku yangu ya kwanza tulipewa chumba cha parokia chenye meza na viti viwili. Nikakaa kiti kimoja, mama mumoja wa Masisi akakaa kingine, tukaangaliana kama watu wa tribunali. Nilimuuliza, mama, una shida gani? Akasema, hakuna. Nikangoja. Akaomba ruhusa ya kwenda kuteka maji, na hakurudi. Nilimwambia Mama Asteria kama mimi nirudie samaki wangu.

Kesho yake alitoa meza nje. Akaleta mukeka, na juu ya mukeka lungo la kupepetea, na juu ya lungo maharagi machafu, yenye mawe na maganda. Akasema tukae tuchague, sisi na yule atakayekuja, begani kwa bega, macho yote chini. Alinifasiria kwamba mutu aliyeona mabaya hapendi kuangaliwa usoni akisema. Anataka macho yenu yawe na kazi nyingine. Na mikono yake ikiwa na kazi haitetemeki. Maharagi yakiisha tunayapika, anakula, anaenda. Akisema, vizuri. Asiposema, amekula.

Mimi nikajiona mwerevu. Juma lile lile nikachagua maharagi yote nyumbani, nikayaleta safi, ili kazi iende mbio. Tulikaa watano mbele ya lungo lenye maharagi yanayongaa, hakuna cha kutoa, na hakuna aliyefungua mudomo. Mama Asteria aliangalia lile lungo, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Nsimire, umeyachagua mpaka na maneno ukayatupa."

Tangu siku ile tulitafuta sokoni maharagi yenye mawe mengi. Muuzaji mumoja wa Virunga, jina lake Mama Kavira, alidhani tumerogwa. Sisi peke yetu katika muji wote tuliuliza: hauna machafu zaidi ya haya? Alianza kutuwekea.

Neno la maombi nalo liwekeni sawa, kwa sababu wengi wenu munaomba mapema. Mama Asteria aliomba sana, rozari ilikaa mufukoni mwa ile sweta, lakini alitukataza kuomba mbele ya kusikiliza. Ukianza na maombi, mutu anaona kama jibu limeshatoka mbele ya swali. Anasema amina na anafunga. Tusikilize kwanza, halafu Mungu naye apate kitu cha kusikia. Kulikuwa muhubiri mumoja aliyepita kwenye makambi akiwaambia wajane kwamba ni mapenzi ya Mungu. Sitataja jina lake ijapo nalikumbuka. Kila alikopita, sisi tulihitaji maharagi mara mbili.

Basi volkano ikashuka.

Wazee wa hapa munajua, vijana mulisimuliwa. Kulikuwa mchana. Mulima ulipasuka ubavuni na moto ukaja mujini kwa njia ya watu, kama mugeni anayejua nyumba. Haukukimbia. Hiyo ndiyo ilidanganya wengi, kwa sababu uliweza kusimama ukauangalia, ukarudi kuchukua redio, ukarudi tena kuchukua kuku. Mimi niliondoka na beseni langu tupu, sijui nilitaka kulifanya nini. Tukavuka mupaka mpaka Gisenyi, tukalala kwenye vibaraza vya watu, tukarudi. Kati ya muji palikuwa mawe meusi, marefu kuliko mutu, yenye moshi. Mvua ikinyesha yalitoa mvuke. Hata miezi iliyofuata yalikuwa bado na joto, na wamama wa Murara walianikaga nguo juu yake, kwa sababu Mukongomani hatupi joto la bure.

Mama Asteria alitukusanya. Chumba cha parokia kilikuwa chini ya mawe, pamoja na ile meza. Hiyo meza hakuna aliyeililia. Tukafunga hema Majengo, tukatandika mukeka, tukaanza.

Vumilia alikuja siku za mwanzo kabisa. Alikaa mwisho wa mukeka, akachagua maharagi vizuri kuliko wote, na hakusema hata jambo. Alikuwa amekonda mpaka kitenge kinamuzunguka mara mbili. Wamama wa mutaa walinieleza mambo yake, kila mumoja kwa kipande chake. Bwana yake Habimana aliuawa kwenye njia ya Masisi wakati wa rebelioni. Yeye alibaki katika kiwanja cha familia, Majengo, na mama mukwe wake na watoto wawili. Siku ya volkano alitoka na watoto, mukongwe akabaki. Nyumba ikafunikwa. Papa Bizimana aliporudi mujini alimuuliza neno moja: mama yangu yuko wapi? Na huyu hakujibu. Basi Papa Bizimana akawachukua Neema na Baraka, watoto wa mudogo wake, akawapeleka kwake upande wa Kituku kule moto haukufika, na akasema kwamba mwanamuke aliyemuacha mama yake kwenye moto hatamulelea damu yake. Akamukataza kukanyaga mulangoni.

Kukawa na jambo la pili. Akakataa kufungua kilio. Ninyi munajua, mutu akifa kwetu moto unawashwa nje, wanaume wanakaa kwenye moto, wanawake ndani kwenye mikeka, watu wanakuja kulia na kusema habari za marehemu, na siku ya kuondoa kilio familia inakaa, kila mwenye neno analitoa, pombe ya ndizi inakunywewa, na maneno yanaisha. Kilio kikifunguliwa, hata aliyelaumiwa anapata siku ya kusema. Papa Bizimana alijibu wazee waliokuja kumusihi: "Mwili uko wapi? Tutalilia jiwe?" Bila mwili, hapana kilio. Bila kilio, hapana siku ya Vumilia kusema. Na watoto walikuwa kule.

Mimi nilitaka kumusaidia haraka. Watu wa musaada walikuwa wanaandika majina ya waliopotea, nami nikamwambia Vumilia, tupeleke jina la mama mukwe wako. Jina lake ni nani? Akainama. Nikauliza tena kwa upole. Akavuta kitenge akafunika mudomo. Mara ya tatu alisimama akaenda. Nikarudi kwa Mama Asteria na uso murefu, nikasema, dada, naogopa yule mwanamuke ana jambo analificha, hata jina la marehemu linamushinda.

Mama Asteria alicheka mpaka kikohozi kikamukamata. Kwao, watu wa Kinyarwanda, mukazana hataji jina la wakwe zake. Ni heshima. Anaweza kuishi nao mpaka uzee na jina lisipite mudomoni mwake; hata neno linalofanana na lile jina analizunguka. Mimi wa Bukavu nilikuwa namuomba yule mama amutukane marehemu mara tatu mfululizo, na yeye mara tatu alimuheshimu. Kesho yake nilimuomba musamaha. Alinitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Hukujua, mama." Ndilo neno la kwanza nililosikia kwake, na lilikuwa la kunifariji mimi.

Sasa Papa Bizimana. Kila asubuhi alikuja Majengo na nyundo na mutaimbo, akapanda juu ya kile kiwanja, akaponda mawe. Watu walisema anafanya kokoto za kuuza, kwa sababu muji wote ulikuwa unajenga upya na mawe yaliyoubomoa. Lakini mimi muuza samaki naangalia mali. Kokoto zake hakuzipanga, hakuzipima, na muteja akija hakumujibu. Wengine walivunja mawe ya pembeni, yaliyo rahisi. Yeye alivunja mahali pamoja, kwenda chini, katikati.

Nilimwambia Mama Asteria. Akasema, "Hauzi. Anachimba."

Hapo ndipo sambaza zikarudi kunisaidia. Nilikuwa bado naenda Kituku siku za pumuziko, na Mama Uwimana alikuwa muteja wangu wa tangu zamani, mutu mwenye mwili mukubwa na ulimi mwepesi, anayesema kwamba vikombe vyangu vina tako nene. Siku moja alishika sambaza, akazigeuza-geuza, hakuuliza bei. Nikamusogezea nafasi. Alikaa, akasema:

"Mama Nsimire, nawapikia, wanakula, wanasema asante. Lakini kula kwao ni macho mulangoni. Mimi nimechoka kulea watoto wa kungojea."

Nikamuuliza kama bwana yake anajua. Akasema bwana yake siku hizi anajua mawe tu. Anarudi na mikono inatoka damu, hakuli, na ukitaja jina la Vumilia anatoka nje. Tukakubaliana pale pale, kati ya samaki. Yeye angemuletea bwana yake chakula Majengo, na watoto wangemusindikiza, kwani ni kosa gani watoto kusindikiza chakula? Na sisi tungekuwa tumekosa nafasi kwenye hema siku hiyo, tukatandike mukeka juu ya mawe.

Ndivyo tulivyofika siku niliyoianza. Mama Asteria alichukua lungo na mukeka, akamushika Vumilia mukono, hakumueleza mengi. Tukapanda juu ya mawe. Viatu vyangu vya plastiki vililainika kwa joto. Papa Bizimana alikuwa kwenye shimo lake mpaka magotini. Tukatandika si mbali, tukakaa, tukaanza kuchagua. Vumilia aliketi akimupa mugongo. Baadaye kidogo Mama Uwimana akatokea na sufuria, na Baraka alipomuona mama yake alikimbia juu ya yale mawe bila kuangalia pa kukanyaga, akaanguka, akaamka, akafika. Neema alikuja polepole. Alikuwa mukubwa wa kujua kwamba kuna katazo. Alikaa karibu ya mama yake, hakumugusa, akachukua kiganja cha maharagi akaanza kuchagua.

Nyundo ikanyamaza. Papa Bizimana akauliza, "Nani amemuita huyu hapa?"

Mimi nilitaka kujieleza. Mama Asteria akanitangulia bila kuinua macho.

"Muzee, tunachagua maharagi. Yana mawe mengi, tukaona tuyarudishe kwa ndugu zao."

Mama Uwimana akatoa kicheko kidogo akakimeza. Papa Bizimana alituangalia, akatema mate pembeni, akarudia kuponda. Nadhani alifikiri tutaondoka. Sisi tulikuwa na lungo lililojaa, na maharagi ya Mama Kavira yalikuwa yamechafuka vizuri.

Sijui tulikaa muda gani. Nyundo ilipiga, mawe madogo yalitoka kwenye vidole vyetu yakaanguka, ti, ti. Kisha Vumilia akaongea. Hakuna aliyemuuliza. Aliongea na maharagi.

"Yake yalikuwa hayajaiva."

Mikono yake haikusimama. Akasema kwamba alimwambia mama mukwe, mama, twende, watu wote wanaenda. Alimushika mukono. Mukongwe akautoa. Akamwambia abebe watoto, yeye atawafuata na jirani, kwani makala ya jiko yameshawaka, maharagi yameshachemuka, nani aache chungu motoni? Vumilia akamwambia, mama, moto unakuja.

"Akanijibu: moto? Huu wangu uko hapa tangu asubuhi, na haujanila. Nenda, mutarudi na njaa, mutanikuta na chakula."

Akaenda na Baraka mugongoni na Neema mukononi. Kwenye njia kubwa aligeuka amurudie, lakini watu walikuwa kama maji, walimusukuma mbele, na alipopata kusimama moto ulikuwa umekata njia. Alisema hayo yote kwa sauti moja, bila kulia. Na alipomaliza alitoa jiwe moja kwenye lungo akaliweka chini.

Nyundo ilikuwa imenyamaza zamani, sikuona wakati gani. Papa Bizimana alisimama shimoni. Akauliza pole pole, kama mutu anayeuliza njia:

"Alisema hivyo? Huu wangu uko hapa tangu asubuhi?"

Vumilia akakubali kwa kichwa, bado amemupa mugongo.

Na yule muzee akacheka. Namuapia Mungu, alicheka. Alishika kiuno akacheka mpaka akakaa kwenye kokoto zake. Akasema, ni yeye. Ni mama, ni yeye kabisa, hakuna mwingine wa kusema hivyo. Akatueleza, kwa maneno ya kukatika-katika, kwamba wakati wa rebelioni walipokimbia masasi ya bunduki, mama yake alikimbia na chungu cha moto kichwani, kifuniko kimefungwa na kitambaa, mchuzi unamushuka shingoni. Kwenye barieri, kizuizi cha njiani, askari mumoja alitaka kufungua aone kama ni silaha, na mukongwe akamupiga na mwiko, akamwambia hayajaiva. Askari akawaachilia, yeye na mwiko wake. Mama Uwimana alikuwepo siku ile, akaongeza kwamba mwiko ulivunjika na mukwe wake aliusikitikia kuliko nyumba. Tukacheka wote. Neema alicheka kwa sababu wakubwa wanacheka.

Kisha kicheko cha Papa Bizimana kikageuka. Munajua pale kinapogeukia, mumesikia katika kazi yenu. Tulishusha macho kwenye lungo. Mama Uwimana alienda akamutoa nyundo mukononi, akaiweka mbali kama unavyomutoa mutoto kisu. Muzee akasema:

"Nilikuwa Sake na chukudu ya viazi. Ningekuwa hapa ningemubeba na chungu chake."

Alisema tena, Sake, na chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, na viazi. Nilitaka kumwambia si kosa lako, na Mama Asteria akaniwekea mukono kwenye goti, nikalimeza neno. Namushukuru mpaka leo kwa ule mukono. Maana Vumilia ndiye aliyegeuka. Aligeuka na lungo lake, akamuangalia shemeji yake, akamwambia, "Asingekubali, Papa. Mimi nilimuvuta."

Hapo wote wawili walilia, na watoto katikati, na sisi tukaacha maharagi.

Jioni haijafika, Papa Bizimana alijipangusa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mutu wa nyumbani: "Mama Neema, yalikuwa maharagi gani?"

Vumilia akasema, ya njano.

"Hapana. Mama hakupikaga ya njano."

"Siku hiyo alipika ya njano, Papa. Mimi ndiye niliyeyatekea maji."

"Alisema ya njano yana upepo tumboni. Yalikuwa mekundu."

Wakabishana. Mama Asteria aliniangalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona vizuri kuinua macho. Alininong'oneza kwamba watu wanaobishana namna hii tayari wamekaa kwenye kilio, imebaki moto tu.

Moto ukawashwa kesho yake, pale pale juu ya mawe. Wazee waliokataliwa mwanzo walikuja, na mumoja wao akamukumbusha Papa Bizimana maneno yake, kwamba hakuna mwili. Akawajibu, "Kaburi analo. Hata mwami kwenye ufalme wake hakupewa jiwe kama hili." Padri Inosenti alikuja akaomba, baada ya wote kusema, kama Mama Asteria alivyotaka. Siku ya kuondoa kilio Vumilia alirudia habari yake mbele ya familia yote bila kutaja jina la mama mukwe hata mara moja, alilizunguka kama kawaida, na kila aliyetaka kuuliza aliuliza. Maneno yakaisha. Mama Uwimana alikuwa ameshafunga nguo za watoto ndani ya kitenge, akaziweka mbele ya Vumilia, akasema amezifua, na kwamba Baraka anapenda kulalia sikio la mutu. Vumilia akasema anajua. Wakacheka.

Lile shimo Papa Bizimana hakulichimba tena. Kokoto alizozipata alizimwaga kwenye musingi wa nyumba aliyomujengea Vumilia katika kiwanja kile kile, nyumba ya mbao juu ya mawe, na ile nyumba mumeshakunywa chai ndani yake.

Miaka iliyofuata munaijua. Rebelioni zilibadilisha majina, watu waliokimbia walikuwa wale wale. Tulifunga mahema kwenye makambi, tukachagua maharagi na wamama walioumizwa kwa namna ambayo siandiki hapa, na vijana waliotoka porini na bunduki kwenye usingizi wao. Vijana hawakutaka lungo, walisema ni kazi ya wanawake. Mama Asteria akawapa nyavu za Kituku za kushona, zile zilizopasuka, na zikashonwa. Kuna wavuvi mpaka leo hawajui nani alishona nyavu zao wala maneno gani yameshonewa ndani. Vumilia alikuwa tayari mumoja wetu. Alikuja mwaka mumoja baada ya kilio, akakaa mwisho wa mukeka kama zamani, lakini sasa upande wetu. Yeye ndiye mwalimu wenu, musimuone mudogo kwa sababu hasemi sana.

Mama Asteria alikufa kitandani kwake, kikohozi kile kile, na rozari mufukoni. Katika muji wetu kufa kitandani ni zawadi. Tulimulilia na mwili, na moto, na maharagi yenye mawe. Nashukuru niliketi benchi moja na yeye. Ningeketi nyuma kidogo, leo ningekuwa bado Kituku napima kwa kikombe chenye tako nene.

Mara ya pili volkano ilipotoka mimi nilikuwa mukongwe, magoti yangu yameshaanza kuchagua siku za kufanya kazi. Moto ulisimama mbele ya muji, lakini ardhi haikutulia, nyumba zilipasuka, na asubuhi moja redio ikasema watu watoke. Muji wote ukashika njia ya Sake. Mimi nilikaa. Niliwaambia wajukuu watangulie, nitakuja na jirani. Nilikuwa nimeweka maharagi motoni tangu mapema na yalikuwa yameanza kunukia.

Musinicheke. Sikuona. Miaka yote nimesimulia habari ile kwa wengine, na nilikaa pale na mwiko mukononi sikuona kitu.

Vumilia aliingia bila kubisha, Neema nyuma yake, mwanamuke mukubwa sasa, mwenye mimba. Vumilia aliangalia chungu, akaniangalia. Hakusema twende. Alichukua ndoo ya maji, akaimwaga yote kwenye makala. Moshi ukajaa nyumba. Kisha akafunga kifuniko cha chungu na kitambaa cha kichwa chake, akakibeba kichwani mwake kikiwa bado cha moto, akaniambia:

"Koko, leo chungu kinakuja na sisi. Simama."

Nikasimama. Neema alinishika mukono wa kuume, na mutu mwingine wa kushoto, kijana wa chukudu ambaye jina lake ndilo jina moja katika maisha yangu ambalo sikuuliza, na linanisumbua. Nyuma ya shingo ya Vumilia mchuzi ulikuwa unashuka. Alitembea hivyo mpaka Sake. Pale Sake, kwenye kibaraza cha shule, tuliyamalizia kuiva, tukala. Papa Bizimana alitukuta pale na Mama Uwimana, muzee na fimbo sasa, akapewa sahani, akaonja, akatafuna muda murefu akiangalia chini. Akasema ni matamu. Halafu akasema, lakini ya njano yana upepo.

Basi nimeandika kama ninavyokumbuka. Kama nimemuweka mutu ambaye hakuwepo, au nimemutoa aliyekuwepo, njooni Majengo munisahihishe. Kiti cha plastiki nawaachia, mimi nakaa kwenye mukeka. Yule kijana wa chukudu, kama anasoma, aniletee jina lake. Na kuhusu maharagi ya Mama Nyirabagenzi, mimi nimeandika tu kwamba yalikuwa maharagi. Vumilia bado anasema ya njano, shemeji yake bado anasema mekundu, na mwenye kujua yuko chini ya mawe na chungu chake. Nikifika kwake nitamuuliza.